Iringa hadi Arusha kwa Barabara Kuu ya Kaskazini, kituo kwa kituo

Kutoka Iringa hadi Arusha kupitia Mtera, Dodoma, Kondoa na Babati ni takribani kilomita 680, na siku hizi zote ni lami. Basi la moja kwa moja linazimaliza kwa siku moja, na mengine yanapita usiku. Mimi nilizikata vipande. Nilipanda kosta, mabasi ya wilayani na bodaboda, nikalala njiani, kwa sababu barabara hii ina umri mkubwa na visa vingi, na anayeipita usiku amefunga pazia haambulii hata kimoja.

Nimeandika baada ya kurudi nyumbani Morogoro, kwa msaada wa daftari na picha za simu. Nauli na bei ni nilizolipa mwenyewe mwezi Juni, kwa hiyo anayepanga safari aongeze kidogo juu yake.

Jumatatu: Iringa hadi Mtera

Juni Iringa baridi inauma. Saa kumi na mbili asubuhi stendini kila mtu amejikunyata, na wenye biashara ni wauza chai ya tangawizi. Kikombe na chapati moja nililipa 1,000. Kosta ya Mtera ilikuwa 7,000, ikaondoka ilipojaa, saa mbili kasoro.

Mabonde ya Iringa yameshapitwa na barabara mbili kubwa, na kupanda kwa moja ndiko kulikoishusha nyingine. Barabara Kuu ya Kaskazini ilikuwa kipande cha ndoto ya Waingereza ya kuunganisha Cape Town na Cairo. Walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndoto hiyo ikapata ardhi ya kupitia. Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella walitoka Cape Town kwa magari Septemba 1924, wakaingia Cairo Januari 1926, miezi 16 ya kusukuma, kukokota na kuvusha mito. Kwa upande wetu njia iliingilia Tunduma, ikapanda Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha, ikatokea Namanga. Kisha mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, Zambia ikahitaji njia ya baharini isiyopita kwao, na lami ikatandikwa kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Tangu hapo malori ya Iringa yakageuza nyuso kuelekea Dar. Njia ya kwenda Dodoma ikabaki ya vumbi kwa takribani miaka 40 zaidi.

Ukishapita Nduli, penye uwanja wa ndege, unaingia Isimani. Miaka ya 1950 na 1960 hapa palikuwa ghala la mahindi, na baadhi ya wakulima walilima kwa matrekta yao wenyewe. Siku ya Krismasi mwaka 1971, wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa, Mkuu wa Mkoa Dkt. Wilbert Klerruu alimfuata mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake. Maneno yakawa makali, Mwamwindi akampiga risasi, kisha akaupakia mwili kwenye gari na kujipeleka mwenyewe polisi Iringa mjini. Baadaye alihukumiwa kunyongwa. Nimesoma habari hiyo tangu nikiwa sekondari. Nilipopita penyewe, mabua makavu pande zote, niliiwaza ile safari ya kurudi mjini: gari lile, barabara hii, na dereva yule.

Baada ya Isimani mlima Nyang'oro unaanza kuteremka, na hali ya hewa inabadilika ndani ya nusu saa. Masweta yanavuliwa, madirisha yanafunguliwa, mibuyu inatokea. Mama niliyekaa naye, mchuuzi wa samaki wa Migoli aliyekuwa anarudi na ndoo za njegere kutoka Iringa, alinigusa bega na kunionyesha mkwaruzo mwekundu chini ya barabara mpya, unaojipinda kwenye vichaka.

"Ile ndiyo ya zamani. Gari likishuka pale, watu wote chini. Mnatembea, tingo anafuata na jiwe nyuma ya tairi."

Tuliagana Migoli. Alinipa konzi mbili za njegere, akakataa shilingi yangu.

Mtera unafika mchana, joto limekolea. Barabara inapita juu ya bwawa lenyewe, ambalo ndilo mpaka wa mikoa ya Iringa na Dodoma. Usitoe simu kupiga picha hapo, kuna ulinzi na ni marufuku. Bwawa lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na mtambo wake, wa megawati 80, ulikuja baadaye. Miti iliyozama wakati ule imesimama hadi leo, mikavu na myeupe, na kila tawi lina ndege.

Samaki wa Mtera ni sababu tosha ya kulala hapo. Mama wa kibandani alimpasua perege mgongoni, akamchana ubavuni mistari mitatu, akasugua chumvi na ndimu hadi ndani ya mistari, akamtandaza kwenye karai. Hakumgeuza hata mara moja mpaka mlio wa mafuta ulipopungua. Ngozi ilivunjika kwa kidole, nyama ikabaki na maji yake. Pamoja na ugali na kachumbari, 5,000. Gesti nililipa 15,000, chumba cha feni na chandarua kizima. Chandarua kikague kabla hujalipa, mbu wa bwawani ni wengi.

Jumanne: Mtera hadi Dodoma

Nauli 7,000. Tulipita Chipogolo vizuri, na tulipokaribia Fufu tairi la nyuma likapasuka. La akiba lilikuwa halina upepo. Kondakta akadandia bodaboda kutafuta fundi, sisi tukabaki na jua la saa tano.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya tembe, paa lake la udongo limeota nyasi. Bibi mmoja alitoka, akatutazama, akanyoosha mkono kutuita wanawake na watoto. Nilimsalimu kwa Kigogo kile kidogo ninachokijua, "Mbukwenyi," akaitika na kucheka kwa furaha.

"Karibu mjukuu wangu. Jua hili si la kukaa nje."

Ndani kulikuwa giza na ubaridi. Alitupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kisha, bila kuuliza, ugali wa uwele na mlenda. Ugali wa uwele una rangi ya kijivu na harufu ya nafaka iliyokaangwa, na mlenda uliusindikiza vema. Wakati tunakula alisimulia kuwa mwanawe wa kwanza, akiugua, alipelekwa hospitali ya Mvumi kwa baiskeli, amefungwa kwa kanga kwenye kifua cha baba yake, kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia na hakuna gari lililopita kwa wiki nzima. Mtoto alipona. Sasa ni dereva wa lori.

Pesa alikataa. Alikubali kipande cha sabuni na robo ya sukari nilivyokuwa navyo begini. Gari lilipona saa tisa. Anayesafiri kwa kosta za vijijini abebe vitu vidogo vya namna hii, vinapokelewa kwa heshima pale ambapo noti inaonekana kumvunjia mtu ukarimu wake.

Kipande hiki cha Iringa hadi Dodoma kina kilomita 260. Kilijengwa kwa mafungu matatu, yakikatwa Migoli na Fufu, kwa fedha za serikali na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani. Tuliingia Dodoma jioni, taa za mji zimeshawaka.

Jumatano: Dodoma

Nilifua, nikalala, nikala nyama choma. Dodoma ilitokana na reli ya Wajerumani iliyofika hapo mwaka 1910, na barabara ya kaskazini ilipoikata reli hiyo, mji ukawa njia panda ya nchi muda mrefu kabla ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya makao makuu. Anayetoka Dar na hana muda wa kuanzia Iringa achukue treni ya SGR hadi Dodoma, ambayo ilianza mwaka 2024, na aanze safari hapa.

Alhamisi: Dodoma hadi Kondoa

Mabasi ya Kondoa niliyakuta stendi kuu ya Nanenane. Nauli 9,000, mwendo wa saa tatu hivi. Kaa upande wa kulia asubuhi ukitaka kuona mashamba ya zabibu ya Makutupora. Baada ya hapo milima ya Chenene inakatwa, na ukivuka upande wa pili ni alizeti mpaka Chemba. Mavuno yalikuwa yameanza. Magunia yamepangwa pembezoni mwa lami, vichwa vya alizeti vimeanikwa kwenye maturubai, na akina mama wanapiga kwa fimbo wakiwa wameketi duara.

Dodoma hadi Babati ni kilomita 251. Rais John Magufuli aliizindua lami yake Julai 2018. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, mtu wa Arusha mwenye shida Dodoma, asiyetaka kuhatarisha gari lake kwenye vumbi au tope, alizungukia Moshi, Segera, Chalinze na Morogoro, mara mbili ya umbali. Mikoa hii miwili inapakana karibu kabisa, lakini watu wake walikutana kwa kupitia pwani. Jambo hili sijawahi kulizoea, na kila niliyemwuliza njiani alilitaja kabla sijalitaja mimi.

Ijumaa: Kondoa

Kondoa mji umekaa kwenye chemchemi, maji baridi na masafi, na ndiyo sababu misafara ya karne ya 19 ilipumzika hapa na Wajerumani wakajenga boma. Mjini ni kofia na baibui, kahawa chungu na kashata. Baada ya swala ya Ijumaa mwenye gesti wangu alinipeleka kwa mzee wa jirani aliyekuwa utingo wa lori kwenye njia ya Arusha tangu kabla ya Azimio.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, binti yangu. Kaa hapa kivulini, hiyo kalamu itoe."

Alinieleza kazi ya utingo kwa kuhesabu vidole. Jembe la kuchimbua tope. Panga la kukata matawi ya kutandika chini ya tairi. Minyororo ya kufunga magurudumu ya Bedford. Jiwe la kuzuia nyuma. Alipofika kidole cha tano aliinua mkono wa kushoto, na ncha ya kidole cha shahada haikuwepo. Mnyororo uliivuta kwenye mlima wa Bereko, usiku, mvua inanyesha.

"Korongo likijaa unakaa. Unapika ugali wako, unalala chini ya gari. Siku mbili, tatu. Aprili ukiingia njia hii umeaga nyumbani."

Aprili! Nilikuwa nimesoma kuwa mwezi huohuo, mwaka 1916, Jenerali Van Deventer alishuka na askari wa farasi wa Afrika Kusini kutoka Arusha, akapita Lolkisale na Ufiome, akaitwaa Kondoa. Masika yakafunga njia nyuma yake. Farasi wakafa kwa mamia, chakula hakifiki, wanajeshi wagonjwa, na tarehe 9 Mei usiku kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, akawashambulia hapahapa kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Shambulio halikufaulu, lakini Van Deventer naye alikaa amekwama hadi kiangazi, akafika reli ya Dodoma mwishoni mwa Julai. Nilimsimulia mzee. Akanyamaza kidogo, akauliza farasi walikuwa wangapi, kisha akasema waliowabebea mizigo walikuwa wengi kuliko hao farasi. Ni kweli kabisa. Vita ile katika Afrika Mashariki ilibebwa na mabega ya wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu, na barabara nyingi tunazozijua zilipanuliwa kwa miguu yao.

Lori la tajiri wake liliuzwa baada ya mpaka wa Kenya kufungwa Februari 1977, kwa kuwa mizigo mingi ilikuwa inaishia Nairobi. Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983 yeye alikuwa ameshakuwa mkulima.

Kwa wanaokwenda: gesti safi Kondoa zipo za 15,000 hadi 25,000. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa saa moja au mbili. Vaa mavazi ya heshima.

Jumamosi: Kolo

Kolo ni kituo cha barabarani, zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya Kondoa, nauli 2,000. Ofisi ya mambo ya kale iko palepale kando ya lami. Jiandikishe, lipa kiingilio, chukua mwongozaji, kisha bodaboda hadi chini ya kilima. Bodaboda kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri, tulikubaliana 15,000.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mapango na miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, na Mary na Louis Leakey walifanya kazi kubwa ya kuinakili. Mungumi wa Kolo ndiyo wanaoanza nayo wageni wengi. Kupanda kunachukua pumzi. Juu, chini ya mwamba ulioinama, kuna watu wembamba warefu waliochorwa kwa wekundu, vichwa vyao vikubwa vya mviringo vimejaa mistari, mmoja ameshikwa mikono na wenzake pande mbili. Kuna tembo na swala. Juu ya baadhi ya michoro hiyo kuna mingine minene ya rangi nyeupe, ya watu waliokuja baadaye. Warangi bado wanafanya matambiko hapo, na mwongozaji alinionyesha mahali pasipokanyagwa. Nikapazunguka.

Kutoka juu unaiona nchi ya Kondoa ilivyochanika. Makorongo mekundu yamegawanya vilima, mengine yana kina cha nyumba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Lilikuwa jambo zito kwa watu wenye ng'ombe. Leo makorongo mengi yana miti ndani, na mwongozaji, ambaye baba yake alihamishwa na ng'ombe wake, alisema hasira ya mzee ilidumu miaka mingi lakini nyasi zimerudi.

Wakati wa kurudi nilimwomba kijana wa bodaboda anipitishe barabara ya zamani. Tukaiacha lami, tukaingia kwenye njia ya mchanga yenye upana wa lori moja. Michongoma imeziba kingo. Kwenye kijito kimoja niliona kalvati la mawe: mawe ya kuchongwa, saruji imeliwa pembeni, na kwenye kona moja michubuko ya mfululizo, urefu wa goti, palipogongwa na vyuma vya magurudumu miaka na miaka. Nilipapasa michubuko ile kwa muda. Akina mama wanachota mchanga hapo kwa ajili ya ujenzi, na mawe mawili ya juu yameshang'olewa. Nasema wazi: halmashauri za Kondoa na Babati zingeweza kuchagua makalvati mawili matatu ya namna hii na kuyawekea kibao, karibu na michoro ambayo wageni wanaifuata tayari. Gharama yake ni ndogo, na wazee wanaoweza kueleza kila kona bado wapo.

Jumapili: Kolo hadi Babati

Nauli 4,000, na ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Barabara inapanda Bereko penye msitu na ukungu, kisha inateremka Bonga, na mlima Kwaraa unasimama mbele yako. Bereko ndio mlima ule kidole cha babu kilipokatikia. Basi lilishuka kwa dakika chache, abiria wanachezea simu.

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa uanzishwe mwaka 2002, na ni njia panda ya Singida. Jioni nilienda ziwani. Mvuvi alinipeleka kwa mtumbwi kuwaona viboko kwa 10,000, akakaa mbali nao na kukataa katakata kusogea nilipotaka picha. Mwamini mvuvi.

Jumatatu: Babati hadi Arusha

Nauli 9,000. Magugu ni mpunga, Minjingu ni kilima cha fosfeti, na kati ya Minjingu na Kwakuchinja weka simu chini utazame nje. Hapo ni mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Tuliwaona pundamilia wengi na twiga watatu, mmoja amesimama mita chache kutoka kwenye lami. Dereva alipunguza mwendo mwenyewe. Kutoka Makuyuni hadi Kisongo nilisinzia.

Arusha nilishukia mjini, nikatembea hadi Mnara wa Saa, ambao kwa mapokeo ndio nusu ya safari ya Cape Town na Cairo. Jumla ya nauli za mabasi na kosta kutoka Iringa ilikuwa 38,000. Basi la moja kwa moja lingenipunguzia kidogo tu.

Anayetaka kuendelea hadi mpakani: Noah na kosta za Namanga hujaa haraka asubuhi, na Longido, ambako Waingereza walirudishwa nyuma na Wajerumani Novemba 1914, iko njiani. Namanga kuna kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2018, kwa hiyo taratibu za nchi zote mbili unazimaliza mahali pamoja. Uwe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kipande hicho, na kile cha Tunduma hadi Iringa, nimekiweka kwa mwakani, mvua zikikatika.